Kilo ya hema, kilo ya asali

*Warina asali na wachungaji wa Itigi hulala porini siku nyingi wakiwa na mzigo mzito. Fundi cherehani wa mjini anaweza kuwapunguzia, lakini si kila mtu anakubali kwamba wepesi una faida.*

Na Mwandishi Wetu, Itigi

NDOO ya plastiki ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20. Ikijaa asali, inakaribia kilo 28. Funga ndoo mbili za namna hiyo nyuma ya baiskeli, ongeza sufuria, unga, panga, bomba la moshi na dumu la maji, kisha sukuma mzigo huo kwenye mchanga wa njia zinazotoka vichakani kuelekea Itigi mjini. Hapo ndipo mrina asali anapoanza kujiuliza kama kila alichofunga kina kazi.

Mara nyingi kinachokaa juu kabisa ya mzigo huo ni turubai. Turubai imara la mita 4 kwa 6, la aina inayogawiwa na mashirika ya misaada wakati wa mafuriko, lina karibu kilo tano likiwa kavu. Likikunjwa na umande wa asubuhi linaongezeka. Kilo tano ni sawa na lita tatu na nusu za asali.

Anayepanda gari hadi kambini hana sababu ya kuumiza kichwa. Anayetembea, anayesukuma baiskeli au anayepakia pikipiki anafanya hesabu hiyo kila msimu: alale pakavu abebe asali pungufu, au abebe asali yote mvua imkute hana paa?

Mji ulio mlangoni mwa pori

Itigi iko mkoani Singida, kwenye Reli ya Kati ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Tabora mwaka 1912. Mji huo umelipa jina lake pori linaloandikwa katika vitabu vya mimea duniani kote: vichaka vya Itigi. Ni msitu mfupi uliosongamana, wenye urefu wa mita tatu hadi tano, unaopukutisha majani wakati wa kiangazi. Umeota juu ya udongo wa kichanga, na pori la aina hiyo halipatikani tena hadi kaskazini mwa Zambia, karibu na Ziwa Mweru Wantipa.

Kusini mwa mji, barabara ya kwenda Chunya na Mbeya inapita kando ya Pori la Akiba Rungwa, linalojulikana kwa simba na tembo. Upande wa Manyoni kuna Hifadhi ya Nyuki ya Aghondi, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Hii ni nchi ya nyuki. Wakimbu, wenyeji wa misitu ya magharibi mwa hapa, waliishi kwa uwindaji na asali kabla ya reli kufika, na hadi leo mizinga ya magogo inaning'inia mitini. Pamoja nao wapo Wanyaturu, Wagogo, Wanyamwezi, na Wasukuma waliohamia na mifugo yao.

Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kiangazi kinachofuata ni kirefu. Juni na Julai usiku ni wa baridi, kwa kuwa nchi imeinuka zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, na upepo wa Singida ni ule uliowavutia wataalamu wa kuzalisha umeme. Kwa hiyo anayelala porini Itigi anahitaji paa kwa sababu mbili zisizofanana: mvua kwa miezi mitano, upepo na umande kwa miezi saba.

> Kilo tano za turubai ni lita tatu na nusu za asali zilizobaki porini.

Wapagazi walijua zamani

Hesabu ya uzito si mpya katika nchi hii. Kabla ya reli, misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo, kisha ikakata nyika iliyoitwa Mgunda Mkali, ambako maji yalikuwa haba na vijiji vichache. Richard Burton na John Speke walipita njia hiyo mwaka 1857, Henry Morton Stanley mwaka 1871. Mpagazi alibeba takribani frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na juu yake aliweka chakula na mkeka wake.

Wakuu wa msafara walilala ndani ya mahema mazito yaliyobebwa na watu wengine. Wapagazi walikata fito na majani wakajenga vibanda, wakizungushia boma la miiba. Walipoikuta kambi ya waliotangulia haijaungua, walihamia humo humo.

Mzigo mkubwa katika misafara hiyo ulikuwa kitambaa, hasa merikani, pamba isiyopaushwa iliyoletwa na meli za Marekani baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya nchi hiyo na Sultani wa Omani aliyetawala pia Zanzibar. Kilikuwa nguo, kilikuwa fedha ya kulipia hongo, yaani ushuru wa njia, kwa machifu, na kiliweza kushonwa kuwa paa. Mwanzoni mwa karne ya 20 vihema vidogo vya kitambaa vya wapagazi vilikuwa jambo la kawaida katika safari kubwa za Afrika Mashariki, kama ile ya Theodore Roosevelt mwaka 1909.

Leo uzito wa mzigo una kanuni zake Kilimanjaro. Mpagazi wa mlimani haruhusiwi kubebeshwa zaidi ya kilo 20 za mzigo wa mgeni, na mizigo hupimwa getini. Mrina asali wa Itigi hana geti wala mizani. Anayempimia ni mgongo wake.

Hoja nne za kambi moja

Wanaotetea kibanda cha fito na majani wana hoja ya wazi: hakibebwi, hakinunuliwi, na mchana kina ubaridi kuliko plastiki. Lakini kila kambi mpya inadai fito mpya. Nyasi ndefu hazipatikani mwaka mzima, na ndani ya kichaka kilichosongamana hazipo kabisa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza kukata miti katika msitu wa hifadhi bila kibali, na vichaka vya Itigi vimeshapungua vya kutosha kwa mashamba na mkaa.

Wapenzi wa turubai wanasema lao ni la kazi zote. Linaanikiwa mahindi, linafunika matofali, linaezeka choo, na likitoboka halitupwi. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, maana familia ya kijijini hainunui kitu cha kazi moja. Paa jepesi la kulalia halipigiwi mahindi juu yake.

Kundi la tatu ni la hema la dukani, lile la mviringo lenye zipu. Linafaa kwa mbu na linasimama haraka. Zipu ikijaa mchanga inakwama, na fimbo zake za nyuzi za kioo zikivunjika hakuna duka la Itigi linalouza nyingine. Wengi huishia kulitumia kama turubai lililochanika.

Hoja ya nne ni ya kushona. Inasema kwamba paa la mtu mmoja au wawili halihitaji fimbo, zipu wala sakafu. Linahitaji kipande cha kitambaa kisichopitisha maji, kamba kadhaa, chandarua na maarifa ya kufunga.

Wanaoshikilia hoja hiyo wana mifano ya mbali. Mwaka 1955 Emma Gatewood, bibi wa Marekani mwenye miaka 67 na mama wa watoto 11, alitembea peke yake njia ya milima ya Appalachia, zaidi ya kilomita 3,000, akiwa na mfuko aliojishonea na pazia la plastiki la bafuni la kujikinga na mvua. Miongo minne baadaye mhandisi Mmarekani Ray Jardine aliwafundisha watembezi kushona paa zao wenyewe badala ya kununua mahema, akiuza vitambaa vilivyokwisha kupimwa pamoja na maelekezo. Wote wawili walikuwa wakitembea kwa hiari. Kwa mrina asali faida ni kubwa zaidi, kwa kuwa nafasi iliyopatikana kwenye mzigo inajazwa kitu kinachouzwa.

Hesabu ya kitambaa

Chukua kipande cha mita 3 kwa 3, yaani mita tisa za mraba. Katikati yake pitisha kamba iliyofungwa kati ya miti miwili kwa urefu wa mita 1.1 kutoka chini, kisha vuta pande mbili hadi zikaribie ardhi. Unapata paa lenye upana wa mita mbili chini na urefu wa mita tatu. Watu wawili wanalala na mizigo yao. Kinachobadilika ni uzito wa kilichotumika:

- Kanvasi ya pamba: zaidi ya kilo 3
- Turubai la plastiki lililofumwa, la aina imara: kilo 1.8 hivi
- Nailoni ya mita ya geji 1000: kilo 2 hivi
- Nailoni ya mita ya geji 500: kilo 1 hivi
- Kitambaa chembamba cha nailoni chenye silikoni: karibu nusu kilo

Kitambaa cha mwisho ndicho kinachotumiwa na watembezi wa Ulaya na Marekani, na hakipatikani katika maduka ya Itigi. Nailoni ya geji 500, inayouzwa kwa mita katika maduka ya vifaa vya ujenzi, inapatikana karibu kila mji. Inachanika mapema kuliko turubai na jua huila, lakini kwa anayetoka na turubai kubwa la kilo tano, kilo nne zimeshaokolewa.

Njia ya katikati ni mitumba. Katika marobota hutokea makoti marefu ya mvua na mapazia ya bafu, na miavuli iliyovunjika huacha vipande vya kitambaa chepesi kilichofumwa kwa kubana. Mwavuli mmoja hautoshi, lakini vipande vya miavuli kadhaa vikiunganishwa vinatosha paa la mtu mmoja. Kazi hapo ni ya fundi.

Mezani kwa fundi

Fundi cherehani wa mji mdogo ana misimu yake: sare za shule mwezi Januari, nguo za sikukuu, sare za harusi. Katikati kuna siku ambazo cherehani hupumzika. Paa la mrina asali linaweza kuingia hapo, na halihitaji mashine nyingine. Cherehani ya kawaida ya miguu hupita bila taabu kwenye tabaka nne za kitambaa chembamba.

Mshono wa katikati ndio unaobeba kila kitu. Unatakiwa uwe ule wa kukunja na kulaza mara mbili unaoonekana kwenye pembeni za suruali ya jinzi, ambapo kingo zote mbili hufichwa ndani. Sindano iwe nyembamba, namba 11 au 12, kwa sababu kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Uzi uwe wa poliesta, kwani wa pamba huoza. Hatua za mshono ziwe za milimita tatu hivi. Zikibanana sana, kitambaa kinachanika kwenye mstari wa matundu.

Kwenye pembe nne na katikati ya kila upande hushonwa kiraka cha tabaka mbili au tatu, kisha kitanzi cha utepe wa begi kuukuu. Nguvu ya upepo huja kwenye vitanzi hivyo. Pete za chuma zinapendeza, ila hung'oka zikiwekwa kwenye kitambaa kisichotiwa kiraka.

Nailoni ya mita haishonwi, maana matundu ya sindano huigeuza kuwa karatasi ya kuchania. Huwekwa kokoto au kipande cha gunzi kwenye pembe, nailoni ikakunjwa juu yake, na kamba ikafungwa shingoni. Kifundo hicho hakiachii, na kinahamishwa mahali popote pakichanika.

Ili kuziba matundu ya mshono, silikoni inayouzwa kwa kuziba madirisha huyeyushwa kwa tapentaini ya wapaka rangi hadi iwe nyepesi kupakwa kwa brashi, kisha huachwa ikauke usiku kucha. Kazi hiyo hufanywa nje penye hewa, mbali na jiko na sigara.

> Paa la mtu mmoja au wawili halihitaji fimbo, zipu wala sakafu.

Nta iliyoko nyumbani

Itigi ina malighafi ambayo watembezi wa Ulaya hununua kwa bei kubwa: nta ya nyuki. Tanzania imekuwa muuzaji wa nta nje ya nchi tangu enzi za ukoloni, na mrina asali anayekamua masega hubaki nayo mkononi.

Kitambaa cha merikani kikilowekwa nta hakipitishi maji. Nta huyeyuka ikifika nyuzijoto 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo huwekwa kwenye kopo, na kopo likawekwa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Kamwe haiwekwi moja kwa moja juu ya moto. Mvuke wake ukishika moto, maji hayauzimi bali huurusha. Kitambaa hutandazwa juani, nta hupakwa kwa brashi, kisha hupigwa pasi ya mkaa juu ya kitambaa kikuukuu ili izame kwenye nyuzi.

Matokeo yake ni kitambaa kinachodumu, kisichopiga kelele upepo ukivuma, na kinachotengenezeka tena palipopauka. Hasara zake nazo ni za wazi. Ni kizito kuliko nailoni, paa la mita tisa za mraba linaweza kupita kilo mbili. Jua la Oktoba hukilainisha kikanata, na cheche moja inatosha kukiwasha. Wenye akili hukitumia kwa vipande vidogo: kifuniko cha mzigo, koti la mvua, mkeka wa kuzuia unyevu chini.

Mchanga, mbung'o na umande

Vigingi vifupi havishiki kwenye mchanga wa Itigi. Dawa yake ni kufunga kamba katikati ya kijiti cha urefu wa mkono, kukizika kikiwa kimelala kwenye shimo la sentimita 30 au 40, na kukanyagia mchanga juu. Upepo hukivuta kwa upande wake mpana, na hakitoki.

Rangi nayo ina maana yake. Maturubai mengi madukani ni ya buluu, na nguo ya buluu na nyeusi ndiyo inayotumika kutengenezea mitego ya mbung'o, kwa kuwa mdudu huyo huzifuata rangi hizo. Anayeelekea upande wa Rungwa, ambako mbung'o wapo na wanaweza kuambukiza malale, ana kila sababu ya kuchagua kijani, kahawia au rangi ya udongo.

Mbu hawazuiliwi na paa. Chandarua cha mviringo kinachoning'inizwa kwa nukta moja hukaa vizuri chini ya kamba ya mgongo wa paa, na pindo zake huingizwa chini ya mkeka. Hapo chandarua kinafanya kazi kiliyotengenezewa, tofauti na vile vinavyogeuzwa nyavu za kuvulia samaki.

Wengi wanaolala chini ya plastiki huamka na matone wakidhani paa limevuja. Ni mvuke wa pumzi yao wenyewe uliogeuka maji kwa baridi. Ncha zote mbili za paa zikiachwa wazi, hewa ikapita, matone hupungua. Kufunga kila upande ili kupata joto ndiko kunakoleta unyevu.

Kile ambacho kitambaa hakiwezi

Paa jepesi halizuii fisi, simba wala tembo. Halizuii siafu, wala nyegere anayefuata harufu ya asali, ndiyo maana ndoo za asali hazilazwi ndani. Kitambaa cha nailoni huyeyuka karibu na moto, hivyo moto wa kambi na bomba la moshi hukaa mbali, upande ambao upepo unaelekea.

Halimpi mtu ruhusa pia. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka anayeingia pori la akiba awe na kibali, na Rungwa iko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Kambi ndani ya msitu wa hifadhi ni suala la TFS. Mrina asali aliyekutwa na paa zuri bila karatasi mkononi yuko katika matatizo yale yale ya aliyekutwa na kibanda cha majani.

Hoja ya watu wa turubai nayo inabaki palepale: la nyumbani libaki, kwa sababu mahindi yanahitaji kuanikwa. Kinachopingwa ni kulibeba kilomita nyingi kwa kazi ambayo kipande cha kilo moja kinaifanya.

Kwa anayetaka kujaribu, wakati mzuri ni kabla ya Novemba. Anunue mita chache za nailoni ya geji 500, aifunge uani kati ya miti miwili kwa vipimo vilivyotajwa hapa, mtoto amwagie ndoo mbili za maji juu, naye alale chini yake usiku mmoja. Akiona vipimo vinamfaa, ndipo apeleke kitambaa cha kudumu kwa fundi. Kabla ya kufunga safari, apite ofisi ya TFS au TAWA achukue kibali chake.